Maswali ya wasomaji: praima ya mchangamchanga, ngozi ya kijivu, na wapagazi wa vita ya 1914

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja, vijisanamu vya vita vya kihistoria, vile unavyopaka rangi mwenyewe halafu unavipanga mezani mnacheza kwa dadu na futi ya kupimia. Sikutegemea kama Mwanza na kanda yote ya ziwa tuna wadau wengi hivi na nimefurahi kwelikweli. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine, zilizofanana nimeziunganisha.

"Kaka habari za kazi. Binamu yangu karudi kutoka Uingereza kaniletea boksi la askari wa plastiki wa milimita 28, yaani urefu wa mtu mmoja. Nimewaunganisha fresh, nikapanda nao juu ya paa la hosteli saa sita mchana nikawapuliza praima ya kopo, ile rangi ya kwanza ya kushikishia rangi nyingine, ya magari. Wametoka kama wamemwagiwa unga, ukipitisha kidole unasikia msasa. Praima mbovu au ni mimi?" (Mwanafunzi, Nyegezi)

Mdogo wangu, praima haina shida, shida ni paa na saa. Rangi ya kopo inatoka kwa matone madogo sana na inatakiwa ifike kwenye kijisanamu ikiwa bado mbichi, sasa we umesimama juani saa sita, upepo wa ziwa unapiga, na nahisi kopo ulilishika mbali ukiogopa kujaza rangi, kwahiyo matone yamekaukia hewani, kilichofika ni vumbi. Shuka chini, tafuta ukuta unaokinga upepo, puliza asubuhi umande ukishaisha na jua halijawa kali. Kopo liwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kijisanamu, mpulizo mfupi unaopita, usisimame sehemu moja, subiri ikauke, geuza, rudia. Na kabla ya yote litikise kopo vizuri, dakika 2 nzima, watu wengi wanalitikisa mara mbili tatu wanaona wamemaliza.

Kipindi cha masika mvua ikiwa imetoka kukatika usipulize kabisa. Hewa ikijaa maji ndo unapata ule ukungu mweupe juu ya rangi, hilo ni tatizo jingine na dawa yake ni uvumilivu tu. Na jioni kaa mbali na ziwa, unawajua wale vijidudu wa ziwani wanaokuja wingu zima, wakitua kwenye rangi mbichi ni kazi ya kutoa mmoja mmoja kwa kibano na bado mguu unabaki.

Hao walioharibika wasugue taratibu na mswaki mgumu ukiwa mkavu, sehemu za wazi kama mgongo na mabega pitisha msasa laini, halafu rudia praima kwa brashi, tabaka moja jepesi. Usije ukawaosha kwa thina au petroli, hiyo plastiki ngumu inalainika na kuyeyuka, uso wa askari unapotea hivihivi unaona.

"Kaka, napaka askari wa Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza 1914, wa Mjerumani na wale wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika la Mwingereza. Nguo, mikanda, bunduki naweza. Ngozi ndo inanishinda. Nikifuata maelekezo ya wazungu watu wangu wanatoka ama weusi tii ama wa kijivu, wanaonekana wagonjwa. Nifanyeje?" (Dada wa Kirumba)

Dada, asante sana kwa hili swali, maana kama ningepewa kujibu moja tu leo ningejibu hili. Maelekezo mengi yaliandikwa na watu wanaopaka ngozi nyeupe kila siku, wakifika kwa Mwafrika wanachukua nyeusi, wanaiongezea nyeupe kwenye sehemu za mwanga, na nyeusi ukichanganya na nyeupe unapata kijivu, hamna namna nyingine. Hizo rangi mbili ziweke pembeni kabisa ukifika kwenye ngozi.

Anza na kahawia iliyoiva, itie tone la nyekundu iliyoiva, ile ya damu ya mzee, ndo ngozi inapata uhai. Hiyo paka kote. Ikikauka, kwenye vivuli, yaani chini ya kidevu, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, weka kahawia ile ile uliyoitia bluu kidogo sana na maji mengi iende yenyewe kwenye mikunjo. Halafu mwanga sasa: chukua kahawia yako ya mwanzo iongezee rangi ya chungwa au ile ya ngozi ya mkanda, sio nyeupe, gusa paji la uso, mgongo wa pua, mashavu juu, mdomo wa chini, vifundo vya vidole, magoti, na mfupa wa mbele wa mguu. Mguso wa mwisho uwe mdogo na uwe mkali, usiogope. Ngozi nyeusi juani inarudisha mwanga kwa nguvu, haifanyi ule mteremko wa polepole unaouona kwenye ngozi nyeupe.

We unakaa Kirumba, bahati hiyo wengine hatuna. Nenda mwaloni asubuhi wakati wanashusha samaki, msimamie pembeni mtu aliyebeba kreti, usimwangalie sura, angalia bega. Utaona mstari mwembamba unaong'aa juu ya bega na jua la asubuhi limeutia dhahabu, chini yake papo hapo kahawia nzito, na upande wa ziwa kuna ubluu kidogo unaotoka kwenye maji na anga. Rudi ukapake huo mstari. Na uangalie viganja na nyayo, zina rangi ya peke yake, kahawia ya waridi, hiki kitu kidogo sana lakini askari wa KAR wengi walitembea peku kwahiyo ukimweka mmoja anapiga goti nyayo inaonekana, ipake.

Kingine, usiwapake wote chungu kimoja. Jeshi la Mjerumani lilianza 1889 na Wasudani waliochukuliwa Misri pamoja na watu wa kutoka Msumbiji, baadaye wakajaa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Tengeneza mchanganyiko wa aina tatu, mmoja wenye wekundu zaidi, mmoja wenye manjano, mmoja mzito kabisa, wagawie bila mpangilio. Macho kwenye milimita 28 mimi siweki nyeupe. Weka mstari mweusi mwembamba chini ya nyusi inatosha, kijisanamu kinaangaliwa kutoka mbali ya mkono, ukiweka nyeupe anatoa macho utadhani kashtuliwa.

Na nguo kwa kuwa umezitaja: kaki ya askari wa Mjerumani usiifanye ya aina moja kampuni nzima, yaani kikosi kizima. Vita ilivyokolea meli zilizuiwa, nguo zikawa zinafumwa hapahapa na kutiwa rangi za mimea, kwahiyo mmoja ana kaki ya njano, mwenzie ya kahawia, wa tatu imepauka hadi karibu nyeupe mabegani.

"Rangi zenyewe napata wapi Mwanza bila kuagiza nje?" (Wasomaji kadhaa, Igoma, Buhongwa na Geita)

Akriliki za tyubu au vichupa zipo kwenye maduka ya stationari yanayouzia wanafunzi wa sanaa, ulizia mjini kati. Chukua nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, bluu na kahawia mbili, zingine changanya. Ni nzito, zilainishe kwa maji hadi ziwe kama maziwa, paka tabaka mbili au tatu. Rangi ya maji ya ukutani inafaa kwa ardhi na mawe ya meza, kwa nyuso hapana, chembe zake ni kubwa. Rangi ya kucha usiguse, ina vitu vinavyokula plastiki. Brashi chukua namba 1 au 2 yenye ncha iliyokusanyika, usihangaike na namba sifuri tatu, ile inakauka kabla hujafika kwenye uso. Gundi ya supa ipo kila hadiwea.

"Salamu mhariri wa safu. Nafundisha historia sekondari huku Misungwi. Nataka wanafunzi wa kidato cha tatu wacheze mapigano ya ziwa letu, ama Bukoba 1915 ama Mwanza 1916. Maboksi niliyopata yana askari tu, wapagazi hakuna. Naweza kuwatengeneza? Bajeti ni ya mwalimu." (Mwalimu, Misungwi)

Shikamoo mwalimu. Maboksi yanauza bunduki, ila ile vita huku kwetu ilibebwa na watu wasio na bunduki. Reli zilikuwa chache, farasi na nyumbu waliuawa na ndorobo, magari yalikwama kwenye matope, kwahiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, hadi bombomu lenyewe, yaani bunduki ya mashine, lilifunguliwa vipandevipande likapanda vichwani mwa watu. Wanahistoria wanasema waliochukuliwa na upande wa Waingereza peke yake walifika kama milioni 1 kwa vita nzima, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao kuhara, malaria na njaa ndo viliwamaliza kuliko risasi. Kampuni moja ya Mjerumani ilikuwa na askari kama 160 hadi 200 na wapagazi wake walizidi hao. Meza yenye askari 40 bila mpagazi hata mmoja mimi siikubali kuwa ni ya vita hii, hata kama vifungo vyote vimepakwa rangi sahihi.

Kuhusu lipi ulichague, Bukoba ilikuwa ni uvamizi wa siku mbili, tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakavunja kituo cha simu ya upepo, wakaondoka. Inanoga kuicheza lakini wapagazi hawana nafasi kubwa. Mwanza Julai 1916 ni tofauti, Waingereza waliuchukua mji, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini upande wa Tabora, na Tabora yenyewe ikaja kuingia mikononi mwa Wabelgiji Septemba ile ile ya 1916. Hiyo safari ya kurudi nyuma ndo mchezo wako: msafara mrefu njiani, askari wachache mbele na nyuma, katikati mizigo, adui anatokea ubavuni. Wanafunzi wa Misungwi njia hiyo ni ya kwao kabisa.

Sasa kuwatengeneza. Usitafute boksi la wapagazi, tafuta boksi la Wazulu wa 1879, wapo wa plastiki wa watengenezaji kadhaa, milimita 28 na wale wadogo wa 1/72 (sehemu moja ya 72 ya ukubwa halisi), na bei kwa kichwa ni ndogo kuliko vya chuma. Kwanini Wazulu: wapo kifua wazi, wanatembea, na wengi mkono mmoja umeinuliwa kurusha mkuki. Ule mkono ulioinuliwa ndo mtaji wako. Kata mkuki, chonga kiganja kiwe bapa kwa wembe, na tayari una mtu anayeshikilia mzigo kichwani. Ngao toa. Mapambo ya mikia ya ng'ombe mikononi na miguuni yakwangue kwa kisu hadi yaishe, na ile pete ya kichwani ikate, maana huyu sasa ni Msukuma au Mnyamwezi na sio mtu wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu.

Kichwa ndo penye kazi. Mtu anayerusha mkuki anasukuma kidevu mbele na mgongo umepinda, mtu mwenye kilo 27 kichwani hawezi kukaa hivyo hata dakika moja, shingo inanyooka, kidevu kinarudi, macho yanatazama mbali. Kwahiyo kata kichwa shingoni kwa kisu chembamba, toboa tundu dogo pande zote mbili kwa keekee ya mkono ya milimita moja au chini yake, ingiza kipande cha klipu ya karatasi na tone la gundi ya supa, rudisha kichwa kikiwa wima. Kama kiuno kimepinda sana kifanyie hivyohivyo. Wanafunzi wako wengi wamebeba ndoo tangu wako wadogo, msimamishe mmoja mbele ya darasa na ndoo ya maji kichwani, wengine waangalie nyonga na vidole vya miguu, hamtahitaji picha.

Juu ya kichwa weka ngata. Hii wazungu wanaisahau karibu wote, wanabandika sanduku moja kwa moja kwenye nywele. Chukua pati ya sehemu mbili unazochanganya, ile ya kuzibia mabomba kutoka hadiwea inafaa, ikande vizuri kwa vidole vilivyolowa maji na uvae glavu, sokota uzi mwembamba, uzungushe, uweke kichwani, halafu mzigo ukandamize juu kabla haijakauka ili ngata ibonyee kama inavyobonyea kweli. Hiyo ya mabomba inakauka haraka sana, fanya kichwa kimoja kimoja.

Vipimo vya mizigo usikadirie kwa jicho. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Sanduku la sentimita 60 kwa 30 likija kwenye milimita 28 linakuwa kama milimita 11 kwa 5 na nusu, kwenye 1/72 ni kama 8 kwa 4. Kata kijiti cha mbao ya boksi la matunda, piga msasa, kamba iwe uzi mmoja uliouchomoa kwenye nyavu mbovu. Magunia yafinyange kwa pati, ukibandika kitambaa cha kanga iliyochakaa juu yake kabla haijakauka alama za ufumaji zinabaki. Changanya: masanduku ya risasi, magunia, hema lililokunjwa, sufuria, tenga la kuku wa bwana mkubwa, na watu wawili wenye mti mabegani wameninginiza mtutu wa bombomu.

Shuka chukua tishu, itenge hadi ibaki karatasi moja nyembamba, kata pembe nne, ilowanishe kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji nusu kwa nusu, ivalishe begani kwa brashi iliyolowa, ivute mikunjo yote itokee kwenye fundo la bega. Ikikauka ipake gundi tena, halafu ndo upake praima. Usiwavalishe wote sawa, wengine kaniki tu kiunoni, wengine kikoti kilichochanika. Na nyuma ya msafara wa Mjerumani weka wake wa askari na watoto, walitembea na majeshi yale, kuwaacha ni kuandika historia nusu.

Kwenye sheria za mchezo weka hivi: kila kikosi kina wapagazi wake, wakipigwa au wakikimbia porini kikosi kinapunguza dadu za kurusha risasi, na zamu mbili baadaye kinapunguza mwendo kwa njaa. Utaona wanafunzi wanavyoanza kuweka askari kulinda katikati ya msafara badala ya kukimbilia mbele. Na kama askari wako wana bunduki za Mauser za 1871, ambazo kampuni nyingi za Mjerumani zilikuwa nazo vita inaanza, baruti yake ilitoa moshi mzito uliowaonyesha walipo. Wakifyatua weka kifumba cha pamba mbele yao, na adui apewe nyongeza ya kuwalenga. Pamba Misungwi hamkosi.

"Mwanangu habari. Kijana wangu wa miaka 14 amepewa vijisanamu vya zamani vya chuma na mzee mmoja, anavikwangua sebuleni kwa tupa. Nasikia vina sumu. Halafu mimi mwenyewe sijapenda mtoto kucheza vita, babu wa mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo hakurudi." (Mzazi, Buzuruga)

Shikamoo mama, na pole kwa huyo mzee wa familia.

La sumu ni kweli. Vya zamani vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi, yale madini, na vumbi la tupa ndo hatari, likiingia mdomoni au kifuani. Asikwangue tena sebuleni wala jikoni. Akwangue nje, akiweka maji kwenye tupa ili vumbi lisiruke, juu ya gazeti analolikunja na kulitupa, asile chochote wakati huo, anawe mikono kwa sabuni, na wadogo zake wasivichezee. Vikishapakwa praima, rangi na vanishi vinashikika bila wasiwasi. Vya plastiki na vingi vya chuma vya siku hizi havina risasi, ila kunawa ni pale pale.

La pili mama nalichukulia kwa uzito wote. Mimi naona tofauti ipo kati ya mtoto anayerusha dadu kuua na mtoto anayekaa jioni nzima anapaka miguu ya mpagazi. Ningeomba umsimulie habari ya huyo babu, jina lake na alikotokea, halafu umwambie atengeneze mpagazi mmoja kwa jibu nililompa mwalimu hapo juu. Akishamaliza utaamua mwenyewe, uamuzi ni wako.

"Wahehe wangu wa 1/72 ni wa plastiki laini, nimepaka mikuki mizuri, wiki moja rangi yote imepukutika." (Ilemela)

Plastiki ile inapinda, rangi haipindi. Waoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, wakauke, paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo mwili mzima, halafu akriliki juu, mwisho vanishi isiyong'aa. Mikuki ya plastiki kata yote. Weka pini za mshonaji, ncha uigonge kwa nyundo iwe bapa kuwa jani la mkuki. Wahehe wa Lugalo, Agosti 1891, wengi walipigana kwa mikuki na ngao na kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kikasambaratika, kwahiyo mikuki iwe mingi kuliko magobore.

"Sisi huku Bukoba tunataka Vita ya Kagera. Vifaru na ile Saba Saba tunapata wapi, na rangi gani?" (Kikundi cha vijana watatu, Bukoba)

Nyie mko nyumbani kwa hadithi yenyewe. Kwa ukubwa wa 1/72 ni rahisi: Tanzania ilitumia kifaru cha Kichina Type 59 ambacho kimetokana na T-54 ya Warusi, kwahiyo boksi la T-54 linakupa karibu kila kitu. Uganda ya Amin ilikuwa na T-55 na Sherman za zamani. Saba Saba ni BM-21, mitutu 40 juu ya lori la Ural-375, ipo kwa watengenezaji wa modeli. Daraja la Kyaka lililolipuliwa Novemba 1978 litengenezeni wenyewe kwa mbao na waya, na mto uwe mpana wa kutosha kwamba kifaru hakivuki bila daraja, vinginevyo mchezo wote unakufa.

Rangi na nguo msichukue kwangu wala kwa boksi. Waliovaa na waliokimbia na watoto mgongoni wapo hai hapo Kyaka na Mutukula. Nendeni na shikamoo zenu na kijisanamu kimoja ambacho hakijapakwa, mpeni mzee mkononi, muulizeni koti lilikuwa la rangi gani na mkanda alifunga vipi, andikeni, ndo mkapake. Antena za vifaru tumieni nailoni ya kuvulia, ichomeni ncha kwa njiti ya kiberiti ijikunje kidonge kidogo, haivunjiki hata boksi likidondoka.